Majaribu: Lipi la Kupinga, Lipi la Kukimbia



Somo hili lilipita kwa redio, na wengi waliomba liandikwe ili walisome nyumbani pamoja na jamaa, hasa wale ambao umeme ulikatika kwao katikati ya kipindi. Fungueni Biblia kwenye Yakobo sura ya 1, toka mstari wa 2 hadi wa 15, na muweke kidole pia kwenye 1 Wakorinto sura ya 10. Tutakuwa tukienda huku na kurudi kule.

Kila juma watu wanakuja kuombewa, na ombi linafanana: "Mchungaji, unikemee pepo ya majaribu." Mmoja anasumbuliwa na tamaa ya makuta ya watu. Mwingine anashindwa na telefoni usiku. Kijana ana shida na msichana wa jirani, baba ana shida na chupa. Tunaweka mikono, tunaomba, tunakemea, mtu anakwenda na furaha. Juma la pili yuko tena mbele, mahali pale pale, na ombi lile lile. Ndipo anaanza kujiuliza moyoni: je, jina la Yesu limekosa nguvu kwangu? Hapana, ndugu. Lakini yawezekana tunatumia dawa nzuri kwa ugonjwa usio wake. Mwenye malaria ukimpa dawa ya minyoo, dawa si mbaya, na mgonjwa hatapona.

Neno moja, mambo mawili

Katika Kiswahili chetu cha kanisa tunasema "majaribu" tukiwa na mambo mawili kichwani. Mama amefiwa, tunasema yuko katika majaribu. Baba amevutwa na mwanamke wa mtu, tunasema vilevile yuko katika majaribu. Ndugu zetu Wakatoliki wana neno lingine kwa hilo la pili, wanasema "kishawishi", na kusema kweli ni neno zuri, linatusaidia. Kigiriki cha Agano Jipya kina tatizo letu sisi: neno peirasmos linabeba yote mawili, kupimwa na kushawishiwa. Ndiyo maana Yakobo, katika sura hiyo moja, anaweza kutuambia katika mstari wa 2 tufurahi tunapoangukia majaribu mbalimbali, halafu katika mstari wa 13 anakataza mtu asiseme kwamba anajaribiwa na Mungu. Wengi wanasoma na kudhani mtume anajipinga. Hajipingi. Anasema juu ya mambo mawili yanayokaa katika nyumba moja.

Tuchukue mfano. Mtoto amefukuzwa shuleni kwa sababu ya minervali. Hilo ni jaribu, maana yake kipimo: imani yako inapitishwa motoni, na Mungu anaweza kulitumia ili uvumilie na ukomae. Siku hiyo hiyo, mteja sokoni Kadutu anakuachia noti ya dola 20 akidhani amekupa ya 10, na anaondoka haraka. Hicho ni kishawishi. Shida haikubadilika, ni ile ile, lakini ndani yake limefunguka shimo. Mungu aliruhusu kipimo ili usimame. Adui na tamaa yako wanataka kukitumia ili uanguke. Abrahamu alipimwa na Mungu, Mwanzo 22:1 inasema wazi; lakini hakuna siku Mungu alimvuta Abrahamu atende uovu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kutambua majaribu si "inaniuma?" Kuna kishawishi kitamu na kuna kishawishi kichungu. Swali ni hili: jambo hili linaniomba nifanye nini? Likikuomba uvumilie, ungoje, uendelee kutii hata kama unalia, ni kipimo. Likikuomba uachane na jambo moja tu dogo ambalo unajua Mungu amelisema, ni kishawishi, hata likija na sura ya msaada.

Chambo na taa

Sasa Yakobo 1:14. Hapo mtume anasema kila mtu anajaribiwa akiwa anavutwa na kudanganywa na tamaa yake mwenyewe. Maneno aliyotumia ni ya wawindaji na wavuvi: kukokota mnyama nje ya maficho yake, na kuvuta samaki kwa chambo. Sisi watu wa ziwa Kivu tunapaswa kuelewa kuliko wengine. Mnajua jinsi sambaza wanavyovuliwa. Hakuna mvuvi anayeingia majini kufukuza sambaza mmoja mmoja. Wanatoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wanawasha taa, wananyamaza na kungoja. Samaki wanatoka gizani, wanakuja wenyewe, maana ndani yao kuna kitu kinachopenda ile nuru. Wavu uko chini, tayari. Na wavuvi wengine wanaimba.

Angalieni neno "mwenyewe" katika wazo la Yakobo. Shetani yuko, wala hatusemi kwamba hayuko. Lakini taa bila tamaa haivui kitu. Ndiyo maana kishawishi chako si kishawishi changu. Mwingine unaweza kumwachia fungu lote la kanisa na asiguse hata franka mia, lakini ukimsifu mbele ya watu mara tatu, amekwisha. Mwingine sifa hazimgusi, ila akiona sahani ya jirani ina nyama kuliko yake anakosa usingizi. Kumjua Mungu ni lazima. Kujua pia ni taa ya namna gani inayokutoa wewe gizani, hilo nalo ni hekima, na wakristo wengi hawajajiuliza. Wanaomba kwa jumla: "Bwana, unilinde na majaribu yote." Ombi hilo ni zuri lakini halina anwani.

Halafu mstari wa 15. Tamaa inachukua mimba, inazaa dhambi, na dhambi ikikomaa inazaa mauti. Kina mama hapa hawahitaji maelezo. Mimba ina muda. Hakuna anayezaa siku alipochukua mimba. Mtu anayesema "nilijikuta nimeanguka" anasema juu ya siku ya kuzaa tu, ananyamaza juu ya miezi iliyotangulia.

Mwili haukemewi

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana sisi ni kanisa la Roho Mtakatifu na hatutaki mtu aende kusema mchungaji amekataa kufungua watu. Bwana Yesu alitoa pepo, aliwapa wanafunzi mamlaka hiyo, Marko 16:17 bado iko katika Biblia zetu. Kuna waliofungwa kweli, na kanisa linapaswa kusimama nao kwa kufunga na kuomba mpaka wawe huru. Lakini someni Wagalatia 5:19 hadi 21. Mtume Paulo anataja uasherati, wivu, hasira, ulevi na mengine mengi. Anayaitaje? Hayaiti mapepo. Anayaita matendo ya mwili. Na dawa anayotoa katika mstari wa 24 si kukemea. Anasema walio wa Kristo wameusulubisha mwili pamoja na tamaa zake.

Pepo ikiamriwa kwa jina la Yesu inatoka. Mwili hautoki. Ukiukemea siku ya Mungu asubuhi, utaamka nao kesho yake saa kumi na mbili, na utauliza chai. Kusulubisha ni kazi ya kila siku, inauma, na mtu mwingine hawezi kukufanyia kwa kukuwekea mikono dakika tano. Nadhani ndiyo sababu wengi wanapenda zaidi kuambiwa wana pepo. Pepo ni mgeni aliyeingia. Mwili ni mimi. Adamu alianza mchezo huo bustanini: alimtupia mkewe, mkewe akamtupia nyoka.

Kuona, kutamani, kutwaa, kuficha

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kuweka hadithi tatu kando kando, na tangu hapo sijaacha kuwafundisha wengine, kwa sababu zinaonyesha njia ambayo kishawishi hupita. Ya kwanza ni ya Eva, Mwanzo 3:6. Ya pili ni ya Akani, Yosua 7:21. Ya tatu ni ya Daudi, 2 Samweli 11. Zisomeni kwa sauti, moja baada ya nyingine, mtasikia maneno yale yale. Eva aliona mti ule ni mzuri, akautamani, akatwaa. Akani aliona katika nyara za Yeriko vazi zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha, na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, akavitamani, akavitwaa. Daudi aliona toka juu ya paa, akauliza habari zake, akatuma watu wamtwae. Na wote watatu walimalizia kwa neno la nne: kuficha. Eva na mumewe walijificha kati ya miti. Akani alizika vitu chini ya hema yake. Daudi alijaribu kuificha mimba kwa kumrudisha Uria nyumbani, na iliposhindikana alimficha Uria mwenyewe, kaburini.

Kuona peke yake si dhambi. Macho ni macho, na ukitembea toka Nyawera mpaka Kadutu utaona mengi usiyoyaomba. Vita viko kati ya kuona na kutamani, na nafasi hiyo ni fupi. Daudi alikuwa na nafasi moja zaidi ambayo wengi hatuiangalii. Alipouliza huyu mwanamke ni nani, alijibiwa kwa jina: ni Batisheba, binti ya mtu fulani, mke wa Uria. Mtumishi yule alimpa mfalme mlango. Alimwambia, kwa adabu ya watu wa ikulu, huyu ana baba na ana mume. Mfalme alisikia majina na akatuma watu hata hivyo.

Angalieni pia mahali alipokuwa. Mstari wa 1 unasema ilikuwa majira ambayo wafalme wanakwenda vitani, na Daudi akabaki Yerusalemu. Jioni akaamka kitandani, akatembea juu ya paa. Hakutafuta dhambi. Alikuwa tu bila kazi, peke yake, juu, mahali ambapo anaona watu nao hawamwoni. Wapendwa, tuna paa kama hilo siku hizi, linaingia mfukoni. Telefoni saa tano usiku, mke amelala, mega bado zipo, unaona wote na hakuna anayekuona. Sisemi mtupe telefoni. Kipindi chetu wengine wanakisikiliza humo. Nasema Daudi angelala mapema, au angekuwa kambini na askari wake, tungekuwa na sura moja ya huzuni pungufu katika Biblia.

Neno la nne, kuficha, lina faida moja: ni kengele. Kama hujui bado jambo hili ni kishawishi au ni baraka, jiulize ni nani usiyetaka ajue. Mfanyabiashara anayeficha faida yake kwa wezi ana akili. Mume anayebadilisha jina la mtu katika telefoni, akaandika "fundi wa umeme", huyo tayari ameshajijibu.

Artikle 15 na likelemba

Kishawishi kina lugha, na lugha yake hubadilika kwa kila nchi. Kwetu Kongo kinajua kunukuu sheria. Kila mtu hapa, hata mtoto, anajua artikle 15: jitafutie, jitegemee, usingoje mtu. Ni utani wa zamani, tangu miaka ya uhuru, na kuna ukweli ndani yake. Bila kujitafutia watu wetu wangekuwa wamekufa. Lakini utani ule umegeuka katekisimo. Mtu wa biro anaomba kitu kidogo ili asaini, anasema artikle 15. Muuzaji anabonyeza kipimo cha unga upande wa chini, artikle 15. Ajabu ni kwamba ukifungua Katiba yetu ya 2006 na kusoma kifungu cha 15 chenyewe, hakisemi hata neno moja juu ya kujitafutia. Kinasema dola ina wajibu wa kuondoa jeuri ya ngono. Ndiyo sheria iliyoandikwa, na ile tunayoinukuu haimo.

Kwa kuwa tumetaja hilo, niseme neno kwa wasichana wetu wa sekondari na wa universite. Mwalimu akikuomba mwili wako ili akupe pointi, usije kuniambia uliingia katika majaribu yako. Aliyejaribiwa na kuanguka hapo ni mwalimu. Wewe umeonewa. Uje na mama yako, au na dada wa kanisa unayemwamini, tutakwenda pamoja kwa wakubwa wa shule. Wazee wa kanisa wasianze kwa kuuliza ulivaa nini.

Turudi kwa jitafutie. Tuseme kina mama 12 wana likelemba. Kila mmoja anatoa dola 5 kwa juma, jumla dola 60, na kila siku ya posho mmoja anapokea fungu. Mama mmoja anashika makuta, maana ni mwaminifu, ni shemasi, anaimba katika koro. Siku ya tatu mtoto wake anashikwa na homa. Kituo cha afya kinataka dola 20 kabla ya kumgusa mtoto. Mume yuko machimboni, telefoni yake haipiti. Na dola 40 zilizokwisha kuletwa ziko chini ya godoro.

Nani kati yetu atamhukumu haraka? Mimi hapana. Mtoto ni mtoto. Lakini tusikilize sauti inayosema naye usiku ule, maana ni sauti tunayoijua. Haisemi "iba". Haijawahi kusema iba kwa mkristo. Inasema "kopa". Inasema utarudisha kabla ya posho, hakuna atakayejua, na Mungu anaona mtoto anaumwa. Maneno yote yana nusu ya kweli. Hata Shetani jangwani, Mathayo 4:6, alimletea Bwana Yesu maneno ya Zaburi ya 91, na Zaburi ile si ya uongo. Uongo ulikuwa katika kazi aliyotaka kuifanyia.

Neno la kushika hapo ni "hakuna atakayejua". Bila hilo, njia ilikuwepo: kupiga simu kwa kina mama wawili, kwa rais wa likelemba, kusema mtoto ni mgonjwa, naomba nitumie 20 na mniandike. Kwa mtoto mgonjwa, kina mama wa Bukavu hawakatai. Pengine wangemwongezea. Makuta ni yale yale, dawa ni ile ile, mtoto ni yule yule. Tofauti ni telefoni moja, na telefoni ile ndiyo aibu inaikataza. Mara nyingi kishawishi hakitupi kitu ambacho Mungu alikataa kutupa. Kinatupa kitu hicho hicho kwa njia ya giza, ili tusimwombe mtu.

Biblia inasema nini tufanye

Hapa ndipo somo lote linaelekea. Yakobo 4:7 inatuambia tumtii Mungu na tumpinge Shetani, naye atatukimbia. Tunaipenda aya hiyo, tunaipigia makofi. Lakini tafuteni neno "kimbia" mahali pengine. Katika 1 Wakorinto 6:18 Paulo anawaambia waikimbie zinaa. Katika 1 Wakorinto 10:14, waikimbie ibada ya sanamu. Katika 1 Timotheo 6:11, baada ya kusema juu ya kupenda fedha, anamwambia mtu wa Mungu ayakimbie mambo hayo. Katika 2 Timotheo 2:22, azikimbie tamaa za ujana. Timotheo alikuwa mtumishi, mwenye upako, amewekewa mikono. Hakuambiwa asimame aikemee tamaa. Aliambiwa akimbie.

Basi mpangilio ni huu: Shetani anapingwa, naye anakimbia. Tamaa inakimbiwa, na anayekimbia ni wewe. Sisi tumegeuza. Tunamkimbia Shetani, hata mchawi wa jirani tunamwogopa mpaka tunahama nyumba, halafu tamaa tunakaa nayo sebuleni tukiipinga kwa maombi. Kijana anafunga mlango na msichana wake na wanaanza kwa ombi. Ndugu yangu, fungua mlango kwanza.

Yosefu ni mwalimu wetu hapa, Mwanzo 39. Alikuwa kijana, mbali na nyumbani, aliuzwa na ndugu zake mwenyewe. Angekuwa na sababu nyingi za kusema Mungu amenisahau. Mke wa Potifa alimsemesha siku kwa siku, mstari wa 10, si mara moja. Kwanza alijibu kwa maneno: bwana wangu ameniaminia kila kitu, wewe ni mke wake, na hii ni dhambi mbele ya Mungu. Jibu zuri, na halikumaliza jambo. Kisha alikataa hata kukaa karibu naye. Mwishowe, siku ambayo hakukuwa na mtu nyumbani, akashikwa nguo, aliacha vazi mkononi mwake na kutoka mbio. Hakubaki kulitetea vazi.

Na ilimgharimu. Wahubiri wengi tunaruka haraka mpaka ikulu ya Farao, lakini katikati kuna gereza, na kuna mwaka na mwaka mwingine. Aliyekimbia dhambi alifungwa kama mtenda dhambi, na ushahidi ulikuwa vazi lile aliloliacha. Ninasema hivi kwa sababu kuna ndugu hapa aliyekataa kusaini faktiri ya uongo na akapoteza kazi, na wenzake waliosaini wana nyumba za matofali. Hajakosea imani yake. Biblia inamjua.

Sasa 1 Wakorinto 10:13, aya tunayoijua kwa moyo: Mungu ni mwaminifu, hataruhusu tujaribiwe kupita nguvu zetu, na pamoja na jaribu anafanya mlango wa kutokea. Neno la Kigiriki ni ekbasis, mahali pa kutokea. Tunapenda kuishia hapo. Lakini Paulo hakuishia hapo: mstari unaofuata, wa 14, unaanza kwa kusema kwamba kwa sababu hiyo wakimbie. Mlango umefanywa kwa ajili ya miguu. Ukikaa ukiusifu mlango na hutoki, moto utakukuta umeusifu.

Milango hiyo mara nyingi ni midogo na haina utukufu. Muweka hazina wa likelemba asiweke makuta peke yake. Mmoja ashike sanduku, mwingine ufunguo, au yawekwe kwa mobail mani kwa jina la kundi. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu, pale pale kanisani, iandikwe kabla ya mtu kutoka. Paulo mwenyewe, alipokuwa na mchango mkubwa wa kupeleka Yerusalemu, hakutaka kuubeba peke yake; 2 Wakorinto 8:20 na 21 anasema wanajihadhari wasilaumiwe, mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Kama mtume alihitaji wenzake, mchungaji wa mtaa anahitaji kabisa. Na mchungaji anayempa dada ushauri, mama mchungaji awe karibu na mlango uwe wazi. Motari anayepita kila jioni mbele ya nganda ile ile, na kila jioni anasimama, apite barabara nyingine hata kama ni mbali na mafuta ni ghali. Hiyo ni dakika kumi kila siku, na hakuna atakayempigia makofi kwa sababu yake.

Kuhusu kupinga nitasema kwa ufupi, kwa sababu tumelifundisha mara nyingi. Bwana Yesu jangwani alijibu mara tatu, na mara zote tatu alitoa jibu katika kitabu kimoja, Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Alikuwa na njaa ya siku 40 na hakuwa na kitabu mkononi. Neno lilikuwa ndani. Ambaye Biblia yake inafunguliwa siku ya Mungu tu atatafuta aya usiku wa kishawishi na hataipata. Na wanaoshuka toka mlima wa maombi wajue kwamba Bwana alijaribiwa akiwa katika kufunga, mara tu baada ya ubatizo na sauti ya mbinguni. Luka 4:13 inaongeza kwamba Shetani alimwacha kwa muda.

Aliyekwisha kutwaa

Wengine mnasoma karatasi hii na siku ya kukimbia imekwisha kupita. Yule mama wa likelemba alichukua zile 20. Mtoto alipona, Mungu asifiwe, lakini posho ilifika na dola 20 hazikufika. Aliwaambia wenzake uongo wa kwanza, na sasa anatafuta wa pili.

Asije mbele kukemewa. Tutamwombea, ndiyo, na damu ya Yesu inatosha kwa dhambi hiyo. Lakini Hesabu 5:6 na 7 inaweka utaratibu kwa aliyemkosea mwenzake: aungame, arudishe yote, na aongeze sehemu ya tano. Zakayo alipita hapo, alisema mara nne. Kwa mama wetu sehemu ya tano ya 20 ni dola 4, jumla 24. Kama hana zote pamoja, na pengine hana, aende kwa wenzake 11 siku ya posho, kabla fungu halijatolewa, aseme ukweli wote: siku gani, kiasi gani, kwa nini. Kama anaogopa, aje kwanza kwa mama mchungaji, wataenda wawili. Kisha waandike katika daftari dola 2 kwa juma, kwa majuma 12. Na kwa majuma hayo mama mwingine ashike makuta pamoja naye, huyu sanduku, yule ufunguo.